Nishani Iko

Mke wangu anaviita vyuma vyangu skrepa. Akifagia sebule yetu hapa Arua, ufagio ukigonga lile kabati la kioo, husema kwa sauti ya kumfikia jirani, "Siku moja nitaita watu wa mizani waje kupima skrepa hii." Mimi hunyamaza. Nikijibu tutagombana mpaka chai ipoe, na mimi nikianza kugombana sijui kusimama. Nilifundisha historia na Kiswahili miaka mingi na hakuna darasa lililonipenda kwa upole wangu.

Ndani ya kabati mna nishani. Si za mpira, ingawa kwa jinsi vijana wa Onduparaka wanavyopiga kelele timu yao ikishinda ungedhani dunia haina nishani nyingine. Zangu ni za vita, zile zilizotengenezwa kuwakumbuka maafisa waliopigana. Nyingine ni za wakati wa Mwingereza, nyingine za baada ya uhuru, na nyingine ni za ule utawala ambao sisi watu wa West Nile hatuutaji kabla ya kutazama nani amekaa karibu.

Kila moja niliitoa mafichoni. Mwaka ule wa kukimbia, utawala huo ulipoanguka na askari wa serikali mpya walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba, mtu aliyekutwa na nishani ya afisa hakuulizwa swali la pili. Wake za maafisa wakazitupa chooni, wakazizamisha kwenye vyungu vya simsim, wakazifunga katikati ya matita ya tumbaku. Halafu sote tukavuka, wengine Sudan, wengine Kongo, na tuliporudi wengi hawakutaka hata kuzikumbuka. Moja niliikuta Koboko imefungwa shingoni mwa mbuzi. Nyingine ilikuwa kifuniko cha koroboi, imepakwa masizi hata mwenye nyumba hakujua kuna sura ya simba chini yake. Niliisugua kwa majivu na limau, mwenye nyumba akaruka, "Lahaula! Kumbe mzee alikuwa mtu mkubwa!"

Furaha ya namna hiyo ndiyo iliyoniharibu.

Nachukua za maafisa tu. Watu wananiuliza kwa nini, na mimi huwajibu kwa ukali kwamba kila mkusanyaji ana mpaka wake. Ukweli ni mwingine. Baba yangu alikuwa mpishi wa maafisa. Alivaa sare, alipiga saluti, alifuata jeshi kila lilikokwenda, lakini vita vyake vyote alipigana na sufuria. Mtaani walimwita afande, kama tunavyomwita kila mtu aliyewahi kufunga mkanda wa jeshi, naye hakuwasahihisha. Siku za sherehe alikuwa akisimama mlangoni na sinia, anatazama vifua vya maafisa, na akirudi nyumbani anatusimulia nishani moja moja. Hii ina utepe mwekundu, ile ina nyota. Alikufa hana hata kifungo cha kuonyesha. Basi mimi nikakusanya zile alizokuwa akizitazama, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilikuwa naona aibu kwa ajili yake.

Iko moja aliyoisimulia mara moja tu, na hiyo ndiyo niliyoitafuta miaka minane. Ilitolewa kwa maafisa wa mizinga, wachache sana. Duara la shaba ya manjano, alisema, pana kuliko nishani zote, na maandishi yamezunguka ukingoni. Nilimuuliza kila mzee niliyemjua. Mwishowe mzee mmoja wa msikitini aliniambia kwamba huko Kuluba, ng'ambo ya mji wa Koboko, kuna mjane wa afisa wa mizinga. Mume alikuwa wa watu wetu, wa ukoo wa wale askari waliotoka Sudan zamani. Mke ni Mkakwa. Mume aliuawa mwaka ule wa kukimbia, na mke akamzika mwenyewe.

Nikapanda gari mpaka Koboko, nikachukua boda mpaka Kuluba.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani, anabambua karanga. Mwanamke mwembamba, macho yameanza ukungu, lakini mikono yake haikukosea ganda hata moja. Mkwe wake, mke wa mwanawe anayefanya kazi mbali, aliniletea kiti na chai, nikamwambia mimi ni mwalimu kutoka Arua, nikamwachia namba yangu ya simu. Bibi mwenyewe alizungumza Kiswahili cha kambini, alichojifunza kwa kumfuata mumewe kutoka kambi hadi kambi, na mimi ambaye nimesahihisha Kiswahili cha watoto wa watu maisha yangu yote nilimsikiliza nikitabasamu kimoyomoyo. Nilijiona mjuzi. Ah, mimi huyu!

"Mama," nikasema, "nimekuja kuuliza juu ya nishani ya mzee."

Mikono yake ikasimama. "Nani alikuambia?"

"Watu wanasema mzee alikuwa nayo."

"Watu iko na midomo mingi. Lakini ile nishani iko. Miaka yote iko. Mimi mwenyewe niliweka, na hii mikono. Iko pale kando ya barabara, kwa kaburi."

Mimi ni Mwislamu, najua kwamba sisi hatumziki maiti na mali yake. Lakini nilikuwa nimeona mambo ambayo hofu ilifanya, na nikajiambia kwamba mwanamke aliyekuwa peke yake, askari wako njiani, angeweza kuificha nishani kaburini kama wengine walivyozificha zao katika simsim. Nikajijibu mwenyewe swali ambalo nilipaswa kumuuliza yeye.

"Mama, hiyo nishani mimi nataka kuichunga," nikamwambia. "Watoto wa kesho wajue mzee alikuwa nani."

Akaniangalia kwa muda, na macho yake yakajaa machozi. "Wewe? Wewe utachunga?"

"Nitachunga, mama. Wallahi."

"Mi nazeeka. Magoti hakuna tena. Watoto yangu hawajui hata mahali. Kama iko mutu ya kuchunga, mi nashukuru Mungu." Akamwita mkwe wake. "Peleka mwalimu mpaka barabara. Onyesha ile kichuguu. Nishani iko nyuma yake, karibu na mkwaju mudogo."

Mkwe alinipeleka, akanionyesha kwa kidole, akaniazima panga la kufyekea majani, akarudi nyumbani kwa sababu alikuwa na chungu motoni. Nikabaki peke yangu na wingu zito juu ya kichwa, na dereva wa boda akinipigia honi kutoka njiani kwamba mvua inakuja, mzee, twende.

Nilipapasa majani kwa mikono miwili. Haikuchukua muda. Kwenye udongo, sawasawa na ardhi, palikuwa na duara la kijani. Nilikwangua kwa ncha ya panga na shaba ikatoka manjano, na maandishi yamezunguka ukingoni. Ilikuwa na tundu katikati, na kwenye tundu msumari mnene uliokuwa umeishikilia ardhini. Nikang'oa. Msumari ulikuwa mrefu kama kiganja changu, na ulipotoka ulitoka na udongo mwingi. Nikambusu baba yangu ndani ya moyo wangu, nikafunga duara kwenye kitambaa, nikalitia mfukoni mwa begi. Msumari niliutupa majanini.

Nilirudi uani mbio. Matone yalikuwa yameshaanza. Mkwe anaingiza karanga ndani, bibi amesimama mlangoni ameshika mwimo.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, mama."

"Iko?"

Nikapiga begi langu kwa kiganja. "Iko."

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake wote ukalegea.

Sikufungua begi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikulifungua, maana mtu aliyepewa kitu kwa halali hukionyesha na kushukuru. Mvua, nilijiambia. Boda. Lakini nilikuwa naogopa, na hilo sasa nalisema wazi. Niliogopa kwamba akiiona kwa macho yake moyo wake utageuka na atasema hapana, hii ibaki. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, nami niliwahi kuwaandikia wanafunzi methali hiyo ubaoni kwa chaki ya rangi.

Nyumbani Arua niliisugua siku mbili. Niliipa rafu ya katikati, juu ya kitambaa chekundu, na karatasi niliyoiandika kwa mwandiko wangu wa darasani: Nishani ya Afisa wa Mizinga. Mke wangu akaitazama kwa muda.

"Hii mbona haina mahali pa utepe?"

"Tundu hilo hapo katikati. Huoni?"

"Naona tundu. Utepe utapitaje katikati ya kifua, kama kifungo?"

Nikamwambia arudi jikoni. Wiki chache baadaye alikuja jamaa mmoja aliyekuwa jeshini, mtu mpole, akaishika, akaigeuza, akacheka kidogo. "Mwalimu, hiki ni kitako cha ganda la risasi ya mzinga. Sisi tulikuwa tunakikata na kukifanya kisahani cha majivu ya sigara. Hizi herufi ni za kiwanda." Nilimkasirikia sana. Nilimuuliza kama yeye alimjua baba yangu. Nilimuuliza alifika daraja gani jeshini. Aliondoka bila kumaliza soda yake, na tangu hapo tukikutana barabarani ananisalimia kwa mbali.

Usiku nililala vibaya, lakini asubuhi karatasi ilibaki pale pale. Ikakaa karibu mwaka.

Simu ilikuja mchana, nimetoka kuswali. Ilikuwa sauti ya yule mkwe.

"Mwalimu, mama anakuita. Watu ya barabara wamefika. Wanapanua. Makaburi yote ya kando inahamishwa."

"Pole," nikasema. "Sasa mimi nifanye nini?"

"Lile kaburi ya mzee haionekani. Greda imeondoa kichuguu na mkwaju. Nishani haiko."

Nikageuka kulitazama kabati.

"Wanapiga rangi nyekundu kwa kila kaburi yenye alama," akaendelea. "Isiyo na alama hawaandiki. Mama alienda kuonyesha, nishani haiko. Anatafuta na mikono, siku ya tatu hii. Anasema watu ya skrepa wameiba. Anawalaani. Anasema tukuite wewe, kwa sababu wewe uliiona, na uliahidi kuchunga."

Nikakaa chini, sikumbuki kama ilikuwa kwenye kiti. Mimi mwalimu. Mimi niliyekuwa nikiwaambia watoto kwamba neno moja la Kiswahili linaweza kubeba mizigo miwili. Nishani ni medali. Nishani ni alama. Mtu wa kambini anaweka nishani mahali apate kulenga, anaweka nishani kwenye njia apate kurudi. Yule mama hakuwahi kuniambia habari ya medali. Alimzika mumewe kwa haraka, hakuweza kumwekea jiwe wala kuinua udongo, kwa sababu kaburi la afisa lilikuwa likiwaonyesha askari nyumba ya afisa. Basi akachukua kisahani chake cha majivu, kitu alichokuwa akikigusa mumewe kila siku, akakipigilia msumari kwenye ardhi, ili yeye peke yake ajue. Alivuka Kongo na alama hiyo kichwani. Alirudi miaka kadhaa baadaye akaikuta. Halafu nikaja mimi kuichunga.

Nilimwambia mke wangu yote. Nilitegemea atanicheka au atanipigia kelele, na ningeshukuru. Hakufanya hivyo. Alifungua kabati mwenyewe, akatoa lile duara, akalifunga kwenye kanga yake.

"Rudisha. Na umwambie."

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo. Mdomo huo huo unaonifokea mimi." Akanipa furushi. "Na usijaribu kuzungukazunguka. Njia ya mwongo ni fupi."

Kesho yake asubuhi nilikuwa Kuluba. Njiani nilikuwa nimepanga maneno yangu yote, hata mahali pa kupumua. Mama, nilikosea. Mama, mimi ndiye niliyeichukua. Lakini boda iliposimama sikupatambua mahali. Kichuguu hakikuwepo. Mkwaju mdogo haukuwepo. Upande mzima wa barabara ulikuwa umekwanguliwa mpaka udongo mwekundu, malundo hapa na pale, na lile greda kubwa la manjano limesimama limezimwa, kwa sababu mbele yake palikuwa na mwanamke mzee amekaa chini.

Alikuwa ameweka mkeka wake pale. Dereva wa greda alikuwa amekaa kivulini mwa gurudumu, anamtazama, si kwa hasira. Msimamizi wao, kijana mwenye kofia ya plastiki, alikuwa anazungumza na imamu wa pale. Nilimsikia akisema kwamba ameshasubiri vya kutosha, kwamba wakubwa wake wanampigia simu, kwamba leo lazima apite. Alikuwa mtu wa heshima, akimwita imamu sheikh kila sentensi, lakini alikuwa anasema kweli.

Mkwe akaniona kwanza. Akainama, akamwambia bibi sikioni. Bibi akainua uso.

"Mwalimu amekuja!" akasema kwa nguvu, na watu wote wakageuka. "Nilisema atakuja. Huyu anajua. Huyu aliona na macho yake. Mwalimu, mwanangu, njoo. Onyesha watu."

Vidole vyake vilikuwa na vidonda. Kucha mbili zilikuwa zimevunjika. Kwa siku tatu alikuwa amepekua udongo ule kwa mikono akitafuta kitu kilichokuwa rafu ya katikati sebuleni kwangu, juu ya kitambaa chekundu.

Nilifungua mdomo niseme. Naapa nilifungua mdomo. Na nikajisikia nasema, "Nipeni nafasi kidogo, nitafute."

Nikaenda nyuma ya lundo la udongo. Nilijaribu kukumbuka. Kichuguu kilikuwa upande gani wa njia ya nyumbani? Niliposimama siku ile, honi ya boda niliisikia kwa sikio gani? Sikuwa nimehesabu hatua. Sikuwa nimetazama kitu kingine ila chuma. Nilitembea huku na huku kama kuku aliyefungwa kamba, nikijua kwamba hata nikiwaambia ukweli sasa, ukweli huo hautawapa kaburi. Utampa tu yule mama mtu wa kumlaani, na mumewe atabaki chini ya lami. Hivyo ndivyo nilivyojipa ruhusa. Nilipiga magoti, nikawapa watu mgongo, nikafungua kanga ya mke wangu, nikalikandamiza lile duara kwenye udongo mahali ambapo palinijia tu moyoni. Nikalipaka udongo juu. Nikalikwangua kidogo liangaze.

"Hapa," nikaita, na sauti ilitoka ya mtu mwingine.

Walimleta wakimshika kwapa. Akapiga magoti kando yangu, akatanguliza mkono. Vidole vyake vikaenda kwenye ukingo, kwenye herufi, kwenye tundu la katikati. Hakusema ni hii. Alisema, "Ni yeye." Akalaza kiganja chake chote juu ya shaba na akaanza kuongea na mumewe kwa Kikakwa, maneno mengi, ya haraka, kama mtu anayemsimulia mwenzake aliyekuwa safarini. Mkwe alikuwa analia. Dereva wa greda alivua kofia.

Wakachimba. Vijana wawili wa barabara, taratibu, kwa sepetu, imamu akisoma. Walichimba mpaka kiunoni hawakukuta kitu. Wakachimba zaidi. Udongo mwekundu, halafu udongo mwekundu na mawe. Imamu akasema kwamba miaka ni mingi, sanda ilikuwa shuka tu, ardhi ya hapa ina mchwa, ya Mungu ni mengi. Watu wakaitikia. Lakini dereva wa greda, mtu ambaye kazi yake ni kukata ardhi kutoka asubuhi mpaka jioni, aliinama ukingoni mwa shimo, akaupapasa ukuta wake kwa kidole.

"Huu udongo ni mgumu," akasema polepole. "Mbona kama haujawahi kuguswa?"

Alinitazama. Sisemi kwamba alijua. Alinitazama tu, na mimi nikaangalia viatu vyangu.

Bibi alikuwa amesikia. Masikio yake hayana ukungu. Akageuza uso upande niliokuwa nimesimama.

"Mwalimu. Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa, mama."

"Hapa kabisa? Hukupotea?"

"Hapa kabisa."

"Sema wallahi."

Imamu alikuwa amefunga kitabu chake na kidole kikiwa ndani. Huko nyuma, redio ya mtu ilikuwa inasema habari za mpira. Nilikuwa na wakati wa kutosha. Sitaki mtu aseme nilishtukizwa. Nilimwangalia yule mama, nikaangalia kucha zake.

"Wallahi," nikasema.

Akapumua. "Basi," akawaambia. "Chukueni hii udongo. Huyu ni yeye."

Imamu aliwaambia wajaze udongo wa chini kabisa kwenye sanda. Tukaufunga ncha mbili kama mtu, tukaupeleka mpaka nyuma ya nyumba yake, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba. Ulikuwa mzito. Ulinielemea bega, jasho likaniingia machoni, na mtu mmoja akaniambia pole, inaonekana mlipendana sana na marehemu. Tukaswali, tukazika. Tukiwa bado tunanawa mikono, tulisikia greda linawashwa.

Sijaongeza kitu katika kabati tangu siku hiyo. Mke wangu aliniuliza swali moja tu niliporudi, "Ulimwambia?" nami nikasema, "Nimerudisha." Alinielewa vizuri, maana alienda zake jikoni na hakunipigia kelele kwa wiki mbili nzima, na hiyo haijawahi kutokea tangu tuoane. Nilifunga saumu siku tatu, kafara ya kiapo. Halafu nikaenda kwa sheikh mmoja wa hapa mjini, nikamuuliza kwa mfano, kana kwamba ni habari ya rafiki yangu. Akaniambia kwamba kiapo cha uongo hakilipwi kwa njaa peke yake. Rafiki yako aende kwa mwenye haki, akasema, amwambie, aombe radhi. Alisema rafiki yako huku akinitazama machoni.

Nikaenda. Mwezi uliopita, baada ya mvua. Barabara ya Kuluba sasa ni lami safi, gari halitikisiki hata kidogo, na pale mahali nilifumba macho mpaka tukapita, ingawa sijui ni pale au mbele yake au nyuma.

Nilimkuta amenenepa kidogo. Anatembea na fimbo. Alifurahi kuniona kwa namna iliyonitia uchungu, akanishika mkono na hakuuachia, akaniita mwanangu mbele ya majirani, akawaambia huyu ndiye yule. Aliniambia kwamba sasa analala usingizi. Kila asubuhi anatoka na chai yake, anakaa kando ya mzee, wanakunywa. Nikasema, "Mama, nimekuja kwa neno." Akasema, "Neno itangoja, kwanza njoo uone."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Pembeni ya lile kaburi, karibu kabisa, vijiti vinne vilikuwa vimesimikwa na kamba imezungushwa.

"Hapa ni yangu," akasema. "Nimeambia watoto wote. Imamu anajua. Miaka arobaini mi nalala peke yangu, mwalimu. Sasa tutalala wawili." Akacheka, akafunika mdomo kwa mkono kama msichana. "Haya, sema. Ulikuwa na neno gani?"

Nikamwambia nimekuja tu kumsalimia. Akanipa karanga nimpelekee mke wangu, tukanywa chai, nikamuaga, nikarudi Arua.